Kujitetea kwa Utulivu Unapokosewa Adabu: Mwongozo Kamili

Mtu akikukosea adabu, majibu mawili huja yenyewe bila kuitwa. La kwanza ni kunyamaza: unalazimisha tabasamu, unameza, kisha usiku unalala ukimjibu mtu ambaye hayupo. La pili ni kulipuka: unatoa maneno mazito, na muda si mrefu wewe ndiye unayedaiwa radhi. Yote mawili yanamwacha mkosaji salama. Ukinyamaza, hajui kwamba amekuumiza, au anajua na ameshaona kwamba kwako halimgharimu kitu. Ukilipuka, waliokuwepo watazungumzia hasira yako, na kosa lake litasahaulika.

Njia ya tatu ipo. Unasema jambo moja, kuhusu tendo moja, kwa sauti yako ya kila siku, kisha unanyamaza. Kuisoma ni rahisi. Kuifanya wakati moyo unadunda na uso umewaka moto ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo maana mwongozo huu unagusa mwili na maandalizi kwa kirefu kama unavyogusa maneno.

Wengi huamini kwamba kujitetea bila kugombana ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Nakataa. Tangu katikati ya karne ya 20 wataalamu wa saikolojia wamekuwa wakiifundisha kama stadi nyingine yoyote. Andrew Salter aliandika juu yake mwaka 1949, na Joseph Wolpe akaiendeleza katika maandishi yake ya 1958, akiwasaidia watu walioshikwa na hofu kila walipotakiwa kusema wanachohisi mbele ya wenzao. Wolpe hakuwapa watu wake hotuba za kujiamini. Aliwafanyisha mazoezi ya kuigiza mazungumzo, wakianza na yale yasiyotisha sana. Nawe utafanya hivyo hivyo.

Kabla ya yote: ni ufidhuli au ni hatari?

Ufidhuli ni kukatizwa kauli, kufokewa, kubezwa, kupigwa vijembe, kudhihakiwa mbele za watu, kupuuzwa kwa makusudi. Ukatili ni kitu kingine. Mtu akikutishia, akikuzibia njia, akikushika, au kama unaishi na mtu ambaye hasira zake huishia kwenye kipigo, usijaribu hatua zilizo hapa chini. Ondoka kwanza kama unaweza, fika mahali penye watu, tafuta msaada. Sentensi nzuri haizuii ngumi, na katika hali hiyo hakuna anayekudai ujasiri.

Hatua ya 1: Amua kama jambo linastahili jibu

Si kila neno baya linahitaji kujibiwa, na anayejibu kila kitu huchoka haraka kuliko wanaomuudhi. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross alikipa jina kile tunachokifanya wote: tukimtazama mwingine akikosea, tunaona tabia yake na kusahau mazingira aliyomo. Yeye akifoka ni jeuri. Mimi nikifoka ni kwa sababu nilikuwa nimechoka. Yule aliyekuhudumia kwa mkato huenda ametoka kutukanwa na mtu aliyekutangulia. Hilo halifuti kosa lake, ila linaweza kubadili jibu lako. Mtu aliyezidiwa akiambiwa, "Naona leo kazi ni nyingi, niko tayari kusubiri kidogo," mara nyingi hulegea mwenyewe.

Jiulize haraka: Nitakutana naye tena? Ameshanifanyia hivi kabla ya leo? Amenidhalilisha mbele ya watu ambao nitaendelea kuishi au kufanya kazi nao? Kama majibu yote ni hapana, una ruhusa kamili ya kuliacha lipite. Likipata ndiyo hata moja, fikiria kujibu.

Tahadhari moja hapa. Kupuuza na kumeza vinafanana kwa nje, lakini si kitu kimoja. Uliyepuuza, jioni umeshasahau. Ukijikuta siku ya tatu bado unalirudia kichwani, unapanga maneno ambayo ungemwambia, basi hukupuuza. Ulimeza. Jambo hilo linahitaji kusemwa, hata kama ni kwa kuchelewa, na hakuna ubaya kumrudia mtu ukamwambia, "Kuhusu lile ulilosema juzi, naomba tuliongee."

Hatua ya 2: Tuliza mwili kabla ya kufungua mdomo

Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia: adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa. Maandalizi hayo huja hata pale ambapo kilichokupata ni neno tu. Ndiyo sababu mikono inatetemeka, koo linakauka na sauti inapanda bila idhini yako. Watu wengi wakijisikia hivyo hujidharau, hudhani ni woga. Ni mwili unafanya kazi yake, basi. Unaweza kujitetea vizuri kabisa huku unatetemeka.

Unachoweza kufanya papo hapo, bila mtu kugundua, ni kutoa pumzi. Watu huambiwa wavute pumzi ndefu, lakini nguvu ya kutuliza iko zaidi kwenye kuitoa. Tukitoa pumzi polepole, neva ya vagasi, inayopunguza mwendo wa moyo, hupata nafasi ya kufanya kazi. Vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6. Mara moja au mbili zinatosha. Wakati huo shusha mabega, legeza taya, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Kama umesimama na mikono imeanza kujikunja ngumi, ifungue.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu hulidharau: litaje kimoyomoyo lile unalolihisi. "Hii ni hasira." "Nimeaibika." Utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kuipa hisia jina hupunguza shughuli za amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu na tahadhari. Inachukua sekunde moja tu.

Ikiwa umeshapanda sana, usijilazimishe. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa wakigombana kwa miaka mingi, anashauri kwamba mapigo ya moyo yakizidi takriban 100 kwa dakika, mtu hawezi tena kusikiliza wala kusema kitu cha maana, na kwamba mapumziko yawe ya angalau dakika 20 ili mwili urudi chini. Basi omba muda kwa sentensi inayoeleweka: "Jambo hili nataka tuliongee, ila si sasa hivi. Nitarudi baada ya nusu saa." Kisha urudi kweli. Ukiondoka bila kusema utarudi lini, umesusa. Na kususa kunaanzisha ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza.

Hatua ya 3: Tunga sentensi yako

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sentensi nzuri ya kujitetea ina vitu viwili: tendo lililotokea, na unachoomba. Wakati mwingine unaongeza cha tatu, yaani jinsi tendo hilo lilivyokugusa, lakini si lazima. Linganisha:

"Wewe una dharau sana."

"Umenikatiza mara mbili. Naomba nimalize."

Ile ya kwanza inamhukumu mtu mzima, na mtu akihukumiwa hujitetea: "Mimi? Mimi nina dharau? Wewe je?" Mmeshatoka kwenye mada. Ya pili haina mlango wa kupinga. Kukatiza kumetokea, kila mtu amesikia, na ombi ni dogo kiasi kwamba kulikataa ni kujiaibisha. Thomas Gordon, aliyewafundisha wazazi namna ya kuongea na watoto tangu miaka ya 1960, alisisitiza kuanza na "mimi" badala ya "wewe" kwa sababu hiyo hiyo: "Ninapofokewa, nashindwa kufuata unachonieleza" humfikia mtu kwa urahisi kuliko "Unanifokea kama mtoto."

Taja tendo kama ambavyo kamera ingeliona. "Umeniita mjinga mbele ya wenzangu" ni tendo. "Umenidhalilisha kwa sababu hunipendi" ni tafsiri yako ya yaliyo moyoni mwake, na huko moyoni hujafika. Achana pia na "siku zote", "kila mara" na "hata siku moja". Ukisema "siku zote unanikatiza", atakutafutia siku moja ambayo hakukukatiza, na atakuwa ameshinda hoja ambayo haikuwa yako.

Usijiombee radhi kabla ya kusema. Nasisitiza hili kwa sababu tumelelewa kuwa wapole, na upole wetu hutufanya tuanze hivi: "Samahani sana, sijui kama nakosea, labda mimi ndiye sijaelewa, lakini kama hutajali…" Ukifika kwenye jambo lenyewe, msikilizaji ameshahitimisha kwamba ni dogo. Adabu inatosha kwenye "naomba" na "tafadhali", na kwenye kumwita mtu kwa heshima yake: mzee, mama, bosi, dada, kaka. Mpe heshima hiyo, kisha nyoosha ombi.

Baadhi ya sentensi zinazofaa kuwekwa tayari:

- "Naomba tuongee bila kufokeana. Nakusikia vizuri."
- "Utani huo sijaupenda. Naomba uishie hapa."
- "Kama kuna kosa kwenye kazi yangu, nionyeshe kosa lenyewe."
- "Hilo sitalijibu."
- "Nilikuwa kwenye foleni kabla yako."

Ziseme kwa maneno yako. Sentensi ya kuazima husikika kama ya kuazima, na aliyekukosea atakuuliza umeisoma wapi.

Hatua ya 4: Iseme, kisha nyamaza

Sauti ishuke kidogo chini ya kawaida, mwendo uwe wa polepole kuliko unavyojisikia kwenda. Mtazame. Usicheke mwishoni, kile kicheko cha aibu tunachokitoa ili kulainisha mambo humwambia mwenzako kwamba hukumaanisha. Usimnyooshee kidole. Kama umekaa naye amesimama juu yako, simama taratibu, au mwombe akae.

Halafu funga mdomo. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, ngumu kuliko kupata maneno. Ukishasema "Naomba nimalize", kunakuja kimya cha sekunde mbili au tatu ambacho kinaonekana kirefu mno, na ulimi wako utataka kukijaza: "yaani simaanishi vibaya, ni kwamba tu leo sijisikii vizuri, unajua tena…" Kila neno unaloongeza linapunguza uzito wa yale ya kwanza. Kimya hicho ni chake. Yeye ndiye anayepaswa kuamua afanye nini na alichosikia. Mwachie.

Hatua ya 5: Akirudi tena

Mara nyingi hataomba radhi papo hapo. Atajaribu kukurudisha mahali ulipokuwa, na njia zake zinajulikana: atasema ilikuwa utani, atasema umekuwa mkali, ataleta jambo jingine la zamani, au atawageukia waliokuwepo awafanye mashahidi. Huhitaji jibu jipya kwa kila moja. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Manuel Smith alieneza mbinu ya kurudia ombi lile lile kwa utulivu, kama santuri iliyokwaruzika, bila kuingia kwenye kila mlango unaofunguliwa. Aliifuatanisha na nyingine: kukubali ile sehemu ya kauli yake iliyo kweli, bila kukubali tusi lenyewe.

Tazama zinavyofanya kazi pamoja. Ndugu wamekusanyika, wamemaliza kula, na mjomba anamgeukia binti wa dada yake aliye masomoni.

"Wewe umri unakwenda, bado unahangaika na vyeti. Wenzako wana watoto wa kutuma dukani."

Watu wanacheka. Binti anatoa pumzi, anaweka glasi chini.

"Mjomba, najua unanitakia mema. Mambo ya ndoa yangu naomba tusiyaongelee mbele ya watu."

"Ala! Kumbe siku hizi hatuwezi hata kutaniana?"

"Kutaniana tunaweza sana, mjomba. Hili tu naomba tuliache."

"Shule imekufanya mkali."

"Inawezekana nimebadilika. Bado naomba tuliache." Anasubiri kidogo. "Safari yako imekuwaje? Mama aliniambia gari liliharibika njiani."

Angalia alichofanya. Hakumvunjia mjomba heshima hata mara moja. Amemwita mjomba kila alipoweza. Alipoitwa mkali hakubishana kama ni mkali au si mkali, alikubali kwamba huenda amebadilika. Ombi halikuyumba: "tuliache" imetoka mara mbili kwa sura ile ile. Na alipomaliza alimpa mjomba mahali pa kutokea, swali juu ya safari, ili aendelee kuongea bila kuonekana ameshindwa. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mtu aliyebanwa mbele za watu atapigana hata kama anajua amekosea. Aliyefunguliwa mlango, mara nyingi hupita.

Vijembe na mafumbo vina dawa yake. Anayekupiga kijembe anategemea kwamba utaumia kimya kimya, kwa kuwa ukijibu ataruka, "Kwani nimekutaja?" Muulize bila kisirani: "Sijakuelewa. Unamaanisha nini?" Kijembe kikilazimika kuelezwa kwa lugha ya wazi hupoteza makali. Ama atasema moja kwa moja, nawe utajibu moja kwa moja, ama atasema "hamna kitu". Akisema hamna kitu, itikia "Haya, sawa" na uendelee na yako.

Na akizidi? Weka mpaka wenye tendo lako ndani yake. "Ukiendelea kunitukana nitakata simu, tutaongea kesho." Mpaka ni kile utakachofanya wewe, si kile utakachomlazimisha yeye afanye. Kwa hiyo usitaje usichoweza. Ukishasema utakata simu na matusi yakaendelea, ikate, bila kupandisha sauti na bila hotuba ya kuagana. Mpaka uliotangazwa ukavukwa bila kitu kutokea unamfundisha mtu kwamba maneno yako hayana uzito, na mara ijayo utalazimika kupiga kelele ili usikike.

Hatua ya 6: Bosi na watu wenye mamlaka juu yako

Ushauri mwingi wa kujitetea unaandikwa kana kwamba wote tuko sawa. Hatuko. Anayeshika mshahara wako, alama zako au kibali chako anaweza kukulipizia, na ni busara kulihesabu hilo kabla ya kufungua mdomo. Kuchagua wakati si unyonge.

Akikufokea mbele ya wenzako, jibu la papo hapo liwe fupi na liwe juu ya kazi: "Nimekusikia bosi. Nitalirekebisha, na nitaomba dakika chache nikuone baadaye." Umeonyesha kwamba hukuvunjika, hukumpa sababu ya kupandisha zaidi, na umejiwekea nafasi. Ukiwa naye peke yenu, anza na lile mnalokubaliana: "Ripoti ilichelewa, hilo ni kweli na nimelifanyia kazi. Nilichotaka kusema ni kuhusu asubuhi. Kuambiwa mbele ya timu kwamba sina akili kumeniumiza, na wenzangu wameanza kunitazama tofauti. Naomba kosa likitokea uniite uniambie." Baada ya hapo nyamaza, kama kwenye hatua ya 4. Wapo viongozi watakaoshtuka kwa dhati, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Kama tabia inaendelea, anza kuandika. Tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwepo. Andika siku ile ile, kabla kumbukumbu haijachanganyika na hasira, na uweke mahali pako binafsi, si kwenye kompyuta ya kazini. Usiandike "alikuwa mkatili", andika alichosema. Karatasi ya namna hiyo ina uzito mbele ya idara ya rasilimali watu, chama cha wafanyakazi au afisa kazi kuliko malalamiko ya jumla. Ujue pia kwamba unyanyasaji kazini hautazamwi tena kama hulka tu ya bosi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 mwaka 2019, ukaanza kutumika mwaka 2021, na unatambua haki ya kila mtu kufanya kazi mahali pasipo na ukatili wala unyanyasaji. Nchi zilizouridhia zinabanwa nao, kwa hiyo inafaa ufahamu kama yako ni mojawapo.

Kwenye simu na ujumbe wa maandishi

Hapa una faida kubwa ambayo ana kwa ana huna: muda. Usijibu ujumbe mbaya ndani ya dakika ile ile. Andika jibu lako mahali ambapo haliwezi kutumwa kwa bahati mbaya, liache, lisome tena kwa sauti. Jibu jambo moja tu kati ya yote aliyoandika. Kama ujumbe wake ni mrefu na wa moto, jibu fupi: "Nimeusoma ujumbe wako. Hili tuliongee, naomba nikupigie jioni." Katika kundi lenye watu wengi, mwandikie pembeni kwanza. Mtu usiyemfahamu, anayekutukana tu, mzuie. Hudaiwi mjadala naye.

Hatua ya 7: Fanya mazoezi kabla ya siku yenyewe

Huwezi kutunga sentensi nzuri wakati adrenalini iko juu. Unaweza kuikumbuka, kama uliitunga mapema. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeandika sana kuhusu jinsi watu wanavyotimiza nia zao, alionyesha katika kazi yake ya 1999 kwamba mpango wa aina ya "ikiwa hili litatokea, basi nitafanya lile" una nguvu kuliko nia ya jumla. "Nitajitetea zaidi" ni nia tu. "Ikiwa atanikatiza kwenye kikao, nitasema: naomba nimalize" ni mpango, kwa sababu ubongo unajua lini na nini.

Basi chukua mtu mmoja na tabia yake moja unayoifahamu. Andika sentensi yako. Iseme kwa sauti ukiwa peke yako, si kimoyomoyo, mpaka mdomo uizoee. Kisha mwombe rafiki mnayeaminiana aigize, akujibu vibaya kama yule anavyojibu. Utacheka mara ya kwanza, rudia tu. Mtu huyo akujibu "umekuwa mkali", akujibu "ilikuwa utani", akuletee mambo ya mwaka jana. Ukiweza kubaki kwenye ombi lako moja na rafiki, umeshapita sehemu kubwa ya ugumu.

Anza na mambo yasiyo na gharama. Aliyepita mbele yako kwenye foleni, aliyekuletea kitu tofauti na ulichoagiza, rafiki anayechelewa bila kusema. Usianze na mzazi mkali au bosi mkubwa. Mwili unahitaji kuonja mara kadhaa kwamba umesema na dunia haikuanguka.

Hatua ya 8: Baada ya kusema

Utatetemeka, hata kama kila kitu kimekwenda sawa. Tembea kidogo, kunywa maji, subiri mwili ushuke. Usimfuate kila mtu kumsimulia. Wengi tunaamini kwamba kuitoa hasira yote ndiyo kupona, lakini majaribio ya Brad Bushman yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kinyume: watu waliopiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya tu. Kumweleza mtu mmoja unayemwamini ili upate ushauri ni sawa. Kuisimulia mara saba, kila mara ikiwa kali zaidi, ni kuichochea.

Yapime uliyoyafanya kwa kipimo sahihi. Usiulize kama amebadilika au kama ulimshinda. Uliza: Nilisema nilichokusudia? Nilibaki kwenye jambo moja? Nilimwacha na heshima yake? Kama ndiyo, umefanya kazi yako, hata kama aliondoka amenuna. Kununa ni haki yake, na mara nyingi hupita. Kama sauti ilipanda kuliko ulivyotaka, mwombe radhi kwa ajili ya sauti tu: "Nilipandisha sauti, hilo naomba radhi. Nilichosema nakimaanisha." Usifute ombi pamoja na kelele.

Mara nyingine yule mtu atarudi mwenyewe, kesho au wiki ijayo, akiwa mnyonge kidogo. Usimwambie "hakuna shida" kama shida ilikuwepo, na usimfungulie kesi upya. Mwambie "Nashukuru kwa kuja kusema." Kama kuna kitu unataka kiwe tofauti, kitaje hapo mara moja tu, kwa mfano: "Siku nyingine nikikosea, nivute pembeni uniambie." Akikubali, ongeeni mambo mengine.